Kibaba Kinachokua

Asubuhi, kabla hatujakunja mlango wa bati,
Meneja Shimoda aliniuliza:
"Chigusa, unadhani watu watataka diski kubwa zaidi?"
Kiwanda kimeleta barua. Wanapika mpya,
matabaka juu ya matabaka kama kitunguu,
itabeba mara nne ya hii ya leo. Tuagize ngapi?

Sikujibu. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu
ambayo haijauza kitu tangu Jumanne.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba,
wakanyamaza hapo.
Hawakusema kwamba kikijaa utaletewa kisaga,
na kisaga kikianza kutapika
utauziwa pishi kwa mkopo, kisha frasila,
na haba zenyewe zitanenepa njiani
hata punje moja ikose pa kukaa.

Saa nne akaingia Bwana Kuwabara na koti lake la mvua,
mteja wetu wa mwisho wa diski, naweza kuapa.
Tangu astaafu hupanda tramu mara moja kwa mwezi,
kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kamera kifuani,
anarekodi reli kutoka Ebisucho hadi Hamadera.
Miaka ishirini na miwili.
"Zamani safari nzima ilienea katika diski moja,
na nafasi ikabaki. Kamera hii mpya
inadai tatu. Kwa nini? Reli ni zilezile.
Hawajaongeza kituo hata kimoja."
Nikamweleza kwamba picha za siku hizi ni kali,
unaweza kuhesabu kokoto kati ya mataruma.
"Nani anahesabu kokoto?" akafoka,
akanunua tano.

Alikuwa na shida nyingine, imefungwa kwa kitambaa:
mashine yake ya kuchezea, mdomo umekaza,
na diski ya kwanza kabisa imo tumboni.
Mashine za aina ile hazitengenezwi tena.
Nilinyoosha klipu ya karatasi,
nikaichomeka kwenye kile kitundu chembamba,
nikasukuma mpaka ikatoa ulimi.
Ghala la frasila mia, na ufunguo wake klipu.

Tukaijaribu kwenye mashine ya duka.
Mvua. Kifutio cha kioo kikienda na kurudi.
Kengele ya kivuko cha Sumiyoshi,
na pale kando ya ukuta, mtoto
mwenye kofia ya njano ya shule, kasimama kwa mguu mmoja
kama anayetoa kitu kiatuni.
Sekunde mbili. Tramu ikampita.

"Rudisha," nikasema,
ingawa rimoti nilikuwa nayo mimi.

Nilirudisha mara saba. Nikaikuza picha
mpaka ikavunjika vigae.
Kofia: vigae tisa vya njano.
Uso: vinne, rangi ya uji.
Nilisoma shule ile. Nilivuka pale. Nilikuwa na miaka saba
na viatu vilivyopenda kumeza kokoto.
Lakini watoto wote tulivaa njano,
na mvua haikumchagua mtu.
Vihamishie vigae vile vinne
katika diski kubwa kuliko zote watakazopika,
vitakaa humo kama watu wanne uwanjani,
na bado vitakuwa vinne.

"Unamjua?" akauliza Bwana Kuwabara.
"Simjui," nikasema.
Kisha: "Sina hakika."
Akanitazama kidogo, akafunga mashine yake kitambaani
kwa fundo mbili, akaomba risiti.

Jioni meneja akarudia swali lake.
Nikamwambia watu hawahitaji.
Nikamwambia aagize.
Akaguna, akaandika kumi, akafuta, akaandika sita.

Nilikuwa bado na ile klipu mkononi,
imenyooka kabisa,
haiwezi tena kushika karatasi.